Mkono unakufa ganzi usiku: ni kompyuta ya ofisini au ni mwili wangu?

*Swali la msomaji:* "Nina miaka 36 na kazi yangu ni kuingiza madai ya bima ya afya kwenye kompyuta, katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Mwaka jana mwajiri aliondoa kompyuta zote za mezani akatugawia kompyuta mpakato za inchi 14, akisema ni za kisasa, hazizimiki umeme ukikatika, na kazi isiyoisha tunaweza kuimalizia nyumbani. Miezi michache baadaye shingo ilianza kukaza. Sasa mkono wa kulia unaniamsha usiku: kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi mpaka niukung'ute ndipo nipate nafuu. Wakati huohuo kompyuta zimewekewa programu inayohesabu vibonye tunavyobonyeza, na ukikaa dakika tatu bila kugusa kitu jina lako linageuka jekundu kwa msimamizi. Nilipolalamika niliambiwa kwamba kukaa kwenye kiti chini ya kiyoyozi hakujawahi kumuumiza mtu. Mama mkwe anasema ni baridi yabisi. Mwenzangu amenishauri ninunue miwani ya kuzuia mionzi na mkanda wa kufunga mkono. Je, ni kompyuta au ni mwili wangu? Ninunue vitu hivyo? Na nimwambieje mwajiri bila kuhatarisha kazi?"

*Jibu:* Dada yangu, kwa dalili ulizoeleza, kompyuta na mwili vyote vinahusika, ila si kwa kiasi kilekile katika kila kiungo. Shingo yako ina kila sababu ya kuilaumu kompyuta uliyopewa. Mkono una mashaka zaidi: huenda kompyuta ndiyo iliyoanzisha tatizo, huenda imelizidisha tu, na hilo haliwezi kuamuliwa kwa maandishi bila daktari kuushika mkono wako na kuupima. Programu ya kuhesabu vibonye nayo ina sehemu yake. Wengi huiona kuwa suala la heshima kazini tu, kumbe inafika mpaka kwenye misuli, na nitaeleza inafikaje.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu hajakosea kabisa. Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, na hailetwi na kiyoyozi wala na kuoga maji ya baridi. Dalili zake kuu ni viungo vya vidole na vifundo kuvimba, kuwa na joto na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya saa nzima, na kwa kawaida katika mikono yote miwili. Wewe unaeleza ganzi ya usiku katika vidole vitatu vya mkono mmoja, na hiyo ni lugha ya mshipa wa fahamu uliobanwa. Hata hivyo baridi yabisi yenyewe inaweza kuvimbisha kifundo cha mkono na kuubana mshipa huohuo. Kwa hiyo ukiona viungo vya vidole vimevimba, mwambie daktari, na mama mkwe apewe haki yake.

Miwani ya kuzuia mionzi usinunue. Hofu ya mionzi ya kompyuta ilianza zama za skrini nene za kioo, ambazo ndani yake mlikuwa na mirija iliyorusha elektroni kwa volti nyingi, na kioo chake kiliwekewa risasi ili kuimeza mionzi ya eksirei iliyozalishwa. Skrini bapa ya kompyuta yako haina mirija hiyo na haitoi eksirei hata kidogo. Kinachouzwa leo kwa jina la mionzi ni mwanga wa buluu, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakuona kwamba lenzi za kuuchuja hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Macho yako yakiwasha jioni, sababu ya kawaida ni kwamba mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache sana kuliko kawaida, na hewa ya kiyoyozi ni kavu. Pepesa kwa makusudi, tazama kitu kilicho mbali kila baada ya muda, na geuza meza ili kiyoyozi kisikupulize usoni. Kama hujawahi kupimwa macho, fedha ya miwani hiyo itumie kupimwa.

Sasa mkono wenyewe. Ndani ya kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kama handaki: chini na kandoni ni mifupa, juu ni utepe mgumu usiotanuka. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine unaopita kwenye kiwiko, na ndiyo maana madaktari huuliza kwanza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi kabla hawajauliza jambo lingine lolote. Kano zikivimba kidogo, au kifundo kikikaa kimepinda kwa muda mrefu, shinikizo katika handaki hilo hupanda, na kinachoumia kwanza ni mshipa, kwa kuwa ndio laini kuliko vyote vilivyomo. Usiku tatizo huzidi kwa sababu wengi tunalala tumekunja vifundo bila kujua. Ukijiamsha na kuukung'uta mkono ukapata nafuu, kama ulivyosema, hiyo yenyewe ni dalili inayoelekeza kwenye handaki la kifundo. Unaweza pia kugusanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukakaa hivyo kwa dakika moja. Ganzi ileile ikija, mwambie daktari. Isipokuja, usijihesabu umepona, kwa maana kipimo hiki hukosea.

Hapa lazima niwe mkweli, hata kama ukweli huu unaweza kutumiwa na mwajiri wako. Watu wengi wanaamini kwamba kibodi ndiyo mama wa ugonjwa huu wa mshipa kubanwa kwenye kifundo, lakini tafiti hazijaunga mkono imani hiyo kwa nguvu inayodhaniwa. Utafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliwaangalia wafanyakazi wanaotumia kompyuta kwa saa nyingi, na haukuona kwamba wanaugua zaidi ya watu wengine kwa ujumla. Kazi zinazojulikana wazi kuleta tatizo hili ni zile za kutumia nguvu nyingi za mkono kwa kurudiarudia, mashine zinazotetemesha, na kukaa na kifundo kilichopinda kupita kiasi; ndivyo orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 inavyoutaja. Nje ya kazi kuna kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi, uzito mkubwa na ujauzito, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo ukienda hospitali omba upimwe sukari, taja kama una mimba au umejifungua karibuni, na usikubali kuondoka na vidonge vya diklofenaki peke yake. Vidonge hivyo vinanunuliwa dukani kama pipi, na nimeona watu wakivimeza miezi mfululizo huku tumbo na figo zikilipa gharama, na mshipa ukiendelea kubanwa palepale.

Usisubiri ikiwa ganzi haiondoki hata mchana, ikiwa vitu vinakuponyoka mkononi, ikiwa kufunga kifungo cha blauzi kumekuwa kazi, au ikiwa ile nyama iliyonona chini ya kidole gumba imeanza kubonyea ukiilinganisha na ya mkono wa kushoto. Dalili hizo zina maana kwamba mshipa umeanza kupoteza uwezo wake, na ukikawia sana hata upasuaji hauwezi kuurudisha wote. Shingo nayo ikileta maumivu yanayoshuka mpaka mkononi, udhaifu wa miguu, au tatizo la kuzuia haja, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Kama hakuna kati ya haya, wiki chache za kurekebisha mambo nitakayoyataja zinaruhusiwa kabla ya kwenda mbali zaidi. Tiba zinazofuata ni sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, na mwisho upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe, ambao kwa anayestahili huwa na matokeo mazuri.

Mkanda wa kufunga mkono mwenzako hakukosea kuutaja, ila unavaliwa usiku. Chagua ule wenye bati au plastiki ngumu unaoshikilia kifundo kikiwa kimenyooka, uvae ukilala kwa wiki kadhaa. Ukiuvaa mchana huku unachapa, kifundo kikizuiwa bega na kiwiko vitafanya kazi yake, na utahamisha maumivu kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Nimekawia kufika kwenye kompyuta, na sasa nitakaa hapo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu wachache huelezwa. Unapoketi mezani, macho yanataka ukingo wa juu wa skrini uwe katika usawa wake au chini kidogo, na viwiko vinataka kibodi iwe katika usawa wake. Kati ya macho na viwiko vya mtu mzima aliyeketi kuna takribani nusu mita. Skrini ya inchi 14 ikisimama haizidi sana sentimita 20, na imefungwa kwa bawaba kwenye kibodi. Hesabu hiyo haitimii kwa namna yoyote. Ukiiweka kompyuta chini ili mikono ipumzike, shingo inainama kutwa; ukiinyanyua ili shingo inyooke, mabega yanapanda na vifundo vinapinda. Hakuna kiti, hata cha bei ya kutisha, kinachoweza kuondoa kasoro iliyomo ndani ya chombo chenyewe.

Waliobuni chombo hiki hawakukusudia kitumike hivi. Miongoni mwa kompyuta za kwanza zenye skrini inayofunika kibodi ni GRiD Compass ya mwaka 1982, ambayo umbo lake lilichorwa na Mwingereza Bill Moggridge. Iliuzwa kwa zaidi ya dola 8,000 na wateja wake walikuwa mameneja wa safari, jeshi la Marekani na NASA, watu waliohitaji kufungua kompyuta, kufanya jambo na kuifunga. Wakati huohuo kompyuta za ofisini zilikuwa zinakwenda upande wa pili: IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, kibodi ilikuwa peke yake, imeunganishwa kwa waya, ili kila mtu aiweke panapomfaa. Utengano huo wa skrini na kibodi ulionekana kuwa muhimu kiasi cha kuandikwa katika sheria. Agizo la Jumuiya ya Ulaya namba 90/270 la Mei 1990 linadai kwamba kibodi ya mfanyakazi wa ofisini iweze kuinamishwa na iwe imetengana na skrini, na linaziacha nje kompyuta za kubebeka kwa sharti moja tu, kwamba hazitumiki kwa muda mrefu katika kituo cha kazi. Wewe unaitumia kutwa nzima, kila siku, mahali palepale. Agizo hilo halina nguvu Tanzania, lakini linaonyesha kwamba jambo unaloambiwa halijawahi kumuumiza mtu lilikuwa limeshajulikana, limejadiliwa na kuandikwa zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Na tusidhani kwamba wahandisi waliamka asubuhi moja wakawahurumia makarani. Kama ofisini kwenu bado kuna skrini ya zamani, geuza mgongo wake au tazama pembeni mwa fremu. Huenda utaona kibandiko chenye herufi TCO na tarakimu kama 99 au 03. TCO ni shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini la Sweden. Kuanzia mwaka 1992 lilitoa alama yake lenyewe kwa skrini zilizotimiza masharti ya usalama wa umeme, matumizi ya nishati na kupunguza mawimbi ya sumakuumeme, na watengenezaji wa dunia nzima wakaanza kubuni bidhaa ili waipate. Muungano wa makarani na wahasibu wa nchi moja yenye baridi ulibadilisha skrini zilizokuja kuuzwa mpaka Kariakoo. Nalitaja hili kwa sababu utahitaji kukumbuka, ukikaa mbele ya meneja wako, kwamba umbo la kifaa cha kazi limekuwa likijadiliwa na wanaokitumia tangu zamani.

Kuna jambo lingine dogo katika maelezo yako ambalo huenda hata wewe hukulitilia maanani. Unaingiza madai ya bima, maana yake unaingiza namba: namba za wanachama, misimbo ya huduma, kiasi cha fedha. Kibodi yako ya zamani ilikuwa na tarakimu zimepangwa upande wa kulia kwa ajili ya kazi hiyohiyo, na mkono ulizipata bila kusogea. Kompyuta mpakato nyingi za inchi 14 hazina sehemu hiyo. Kila namba sasa unaifuata kwenye mstari wa juu wa kibodi, vidole vimenyooshwa, kifundo kimepinda kuelekea nyuma na pengine kimeegemea ukingo mkali wa kompyuta. Kifundo kilichopinda kuelekea nyuma huongeza shinikizo ndani ya handaki nililolieleza. Badala ya kipanya unatumia ubao wa kugusa, ambao unaulazimisha mkono uleule kubaki katikati ya kifua. Hivyo aliyeamua kubadilisha kompyuta aliangalia bei, uzito na betri, na kazi ya kuingiza namba hakuiangalia hata kidogo.

Sasa nieleze ile programu. Misuli ya shingo na mabega inaposhikilia mkono juu ya kibodi haifanyi kazi kwa nguvu kubwa, na watu hudhani kwamba kazi isiyo na nguvu haichoshi. Lakini ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo ambazo huitwa kazini kwanza na kuruhusiwa kupumzika mwisho. Kazi ikiwa nyepesi lakini haikatiki, nyuzi hizohizo chache hubeba zamu nzima, na msuli uliokazwa mfululizo haupati mtiririko mzuri wa damu. Dawa yake ni mapumziko mafupi mno na ya mara nyingi, hata nusu dakika ya kushusha mikono mapajani, kuliko pumziko moja refu la mchana. Zamani mapumziko hayo yalikuwamo ndani ya kazi yenyewe bila mtu kuyaomba. Taipisti alisukuma behewa la taipureta kila mwisho wa mstari, akabadilisha karatasi, akanyanyuka kupeleka faili masijala, akasimama mlangoni kumsalimu mtu. Kompyuta iliyaondoa yote hayo kwa jina la kuokoa muda, na programu yenu imekuja kuyaondoa hata yale machache yaliyobaki, kwa kuyapaka rangi nyekundu.

Kuna na upande wa hofu. Mtu anayejua anahesabiwa hukaza taya, hupandisha mabega na hubonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitajika, bila kujijua. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, iliwachunguza wafanyakazi wa kampuni moja ya simu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikakuta kwamba maumivu ya shingo na mikono yaliambatana na shinikizo la kazi na hata na hofu ya kupoteza kazi kwa sababu ya kompyuta. Hiyo haina maana kwamba maumivu ni ya mawazoni. Australia ilipokumbwa na wimbi kubwa la maumivu ya mikono kwa wafanyakazi wa kibodi katikati ya miaka ya 1980, mabishano yalikuwa hayohayo, wengine wakisema ni mashine na wengine wakisema ni hofu, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea kudhani lazima iwe kimoja.

Naona pia kwamba programu hiyo inapima kitu kisichofaa. Dai moja lililoingizwa kwa msimbo usio sahihi hurudi, hukataliwa, hupigiwa simu na kuingizwa upya, na mara zote hizo vibonye huongezeka. Karani anayekosea sana ataonekana hodari. Hoja hii itumie, kwa kuwa mameneja huielewa haraka kuliko hoja ya shingo.

Kesho asubuhi, kabla hujaomba chochote kinunuliwe, uliza zile kibodi na vipanya vya kompyuta za zamani viko wapi. Mara nyingi vimerundikwa stoo pamoja na skrini zake. Kibodi ya zamani ya USB huchomekwa moja kwa moja kwenye mpakato, huchukua umeme wake humo humo, na umeme wa mtaani ukikatika inaendelea kufanya kazi, hivyo ile sababu ya mwajiri, ambayo kwa Dar es Salaam ni sababu ya kweli, inabaki salama. Ukipata kibodi na kipanya, inyanyue kompyuta. Rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa kama sentimita tano. Weka rimu tatu au nne chini yake mpaka ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, nayo iwe mbali nawe kwa urefu wa mkono. Hakikisha matundu ya hewa ya chini hayazibwi. Skrini ya zamani ikipatikana na waya wake ukaingia, ni bora zaidi.

Ile miguu midogo ya nyuma ya kibodi ikunje, usiisimamishe. Watu huisimamisha wakidhani ndiyo matumizi sahihi, kumbe inazidisha kupinda kwa kifundo. Kipanya kikae karibu, kiwiko kikiwa ubavuni, na kwa vile kibodi yenye tarakimu ni ndefu na hukisukuma mbali upande wa kulia, jaribu kukihamishia kushoto. Wiki ya kwanza itaudhi, baadaye utazoea, na mkono wa kulia utabaki na namba tu. Usiegemeze kifundo unapochapa. Usihangaike kukaa wima kama askari wa gwaride. Egemea, badilisha mkao, simama unapopokea simu. Nyumbani usichape kitandani wala kwenye sofa, na kama ni lazima kuchapa nyumbani, basi tuzungumze kuhusu hilo la lazima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inadai mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, na inataka saa za ziada ziwe za makubaliano na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya kumalizia nyumbani ni kazi. Mpakato haukuibadilisha kuwa hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi, na anayesimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, wenye ofisi za kanda. Wasomaji wa Kenya wana bahati ya maneno ya wazi zaidi: kifungu cha 76 cha sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri avirekebishe vituo vya kazi na vifaa vimfae mfanyakazi. Kuhusu programu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa msingi wa kuuliza zinakusanywa taarifa gani, kwa kusudi gani na nani anaziona. Na daktari akithibitisha kwamba ugonjwa umetokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri bila kukatwa mshahara wako. Ila kwa sababu nilizozitaja juu, dai la mkono linaweza kuwa gumu kuthibitisha, na sitaki uende huko ukiwa na matumaini yasiyo na mashiko.

Nisingekushauri kuanza na sheria hizo. Anza na mwakilishi wa usalama na afya kazini kwenu, au tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, na uende pamoja na wenzako wawili watatu, maana sidhani kama ni wewe peke yako unayekung'uta mkono usiku. Kisha mwandikie ofisa rasilimali watu barua fupi yenye tarehe. Eleza dalili na zilipoanza, eleza kwamba kifaa kilibadilishwa lini, ambatisha cheti cha daktari, na omba mambo matatu tu: kibodi yenye tarakimu, kipanya, na kitu cha kunyanyulia kompyuta. La nne, ombi la kupandisha ule ukomo wa dakika tatu, liwe la wote kwa pamoja na lisibebwe na jina lako. Usiandike neno la kulaumu. Waajiri wengi hawakukusudia kudhuru, walinunua walichoonyeshwa na muuzaji. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakikaa kimya, kumbusha kwa maandishi mara moja, kisha peleka taarifa OSHA. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe, na mkaguzi akija ataangalia ofisi nzima. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekukunjia uso. Ikitokea ukaachishwa kazi kwa sababu hiyo, mgogoro wa kuachishwa hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na ile nakala yenye muhuri, pamoja na cheti cha daktari, ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.